Jina Nililoliweka Ukingoni

Ninyi vijana mnaobaki hapo ofisini mmeniomba niwaandikie namna ya kukagua kitambaa kabla sijafunga virago. Mlitaka kurasa mbili tatu za kubandika ukutani karibu na meza ya taa. Basi mtanisamehe. Nimekagua nguo miaka thelathini na kitu, na kila nikikaa niandike habari za nyuzi na rangi, kalamu inakwenda kwenye jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia yeyote kati yenu. Maelekezo mtayapata, lakini mtayapata pamoja na aibu yangu. Ya kubandika ukutani chagueni wenyewe.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilipomaliza shule serikali ilinipeleka kusomea nguo Urusi, wakati ule bado ni Muungano wa Kisovieti, kwenye mji wa viwanda ambako theluji ilianguka mpaka nikasahau rangi ya ardhi. Siku ya kwanza ya mazoezi kiwandani nilikabidhiwa kwa mkaguzi mmoja, Mama Klava, mnene, kitambaa kichwani, mdomo hauna breki. Alinipa kioo cha kuhesabia nyuzi, kidogo cha kukunjwa, ambacho wengi wenu mmekiazima kwangu na wawili mmechelewa kunirudishia. Nikadhani atanionyesha kitundu au doa. Hapana. Alinishika mkono akaupitisha ukingoni mwa kitambaa, pale pembeni ambapo fundi hukata akatupa.

"Soma," akasema.

Kulikuwa na namba ya mfumaji.

"Kitambaa kisicho na namba kimefumwa na shetani," akasema. "Kikiharibika utamkamata nani?"

Niliporudi nyumbani nikapangiwa kitengo cha kanga kwenye kiwanda cha pale pale Morogoro. Kanga mnaijua: pindo, mji, na jina, ule msemo unaoandikwa chini. Akina mama husoma jina. Mimi nilianza kusoma ukingo, palipochapwa kwa herufi ndogo MALI YA fulani, yaani yule aliyeibuni. Msemo mzuri ukitoka wiki hii, wiki ijayo umeshaibwa na kiwanda kingine, na kitu pekee kinachomtetea mwenye akili yake ni yale maneno madogo ya pembeni. Kanga isiyo na mwenyewe ukingoni haikupita kwenye meza yangu. Wachapaji walinichukia kwa hilo, na mimi nililala usingizi mzuri.

Kiwanda chenyewe kilikuwa mali ya umma. Iliandikwa hivyo getini kwa rangi nyekundu. Weee! Nimeiona mali ya umma ikitoka pale getini kwa miguu yake: mota, mabomba ya shaba, madumu ya rangi, mpaka masinki ya vyooni. Kila aliyekamatwa alisema na yeye pia ni umma. Baadaye kikauzwa, na aliyenunua aling'oa yaliyobaki akafunga mlango. Nilitoka pale na kioo changu cha nyuzi na chuki ya kila mtu anayesema kitu ni cha wote. Iwekeni akilini hiyo chuki, maana ndiyo iliyofanya kazi baadaye.

Hapa Guangzhou, China, nilikuja kwa ajili ya wanunuzi wetu wa kutoka Dar na Mwanza, waliokuwa wakipigwa vibaya kwa vitambaa vinavyochuja. Siku ya kwanza kwenye soko la vitambaa la Zhongda nilizunguka mpaka visigino vikachubuka. Neno la kwanza la Kichina nililojifunza halikuwa salamu, lilikuwa *meiyou*, hakuna. Una pamba tupu? Meiyou. Una sampuli? Meiyou. Niliporudi mchana na mteja mwenye fedha taslimu, vyote vilikuwapo. Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, niliwahi kukataa kontena zima kwa sababu miguu ya suruali ilijipinda ikifuliwa. Mwenye kiwanda alilia mbele yangu, machozi ya kweli. Nikampa karatasi ya kupangusia na sikubadili neno. Wanangu, kabla hujasema ndiyo, fua. Usikubali maneno, kubali maji.

Aliyenifundisha mji huu alikuwa Laoban Liang. Laoban ni bosi, lakini bosi huyu alikuwa na karakana ndogo ya kuchapa vitambaa nyuma ya Zhongda, mashine mbili, mke wake, na wafanyakazi sita. Aliniita *dajie*, dada mkubwa, ingawa tulilingana umri. Hakuna siku niliyofika kwake nikakosa chai, vile vikombe vidogo vya kunywa kwa mikupuo miwili. Kila kazi aliitaka iandikwe kwenye karatasi ya oda, na kilichokuwa nje ya karatasi hakukichapa. Kwa kazi yetu hiyo ni tabia ya dhahabu.

Kirusi changu nacho hakikuoza. Wanunuzi wa kutoka nchi zinazozungumza Kirusi ni wengi pale soko la nguo la Zhanxi, na mama mweusi anayebishana bei kwa Kirusi cha kiwandani walimwona kama sinema. Niliwapeleka kwa Liang, na kwa miaka kadhaa nusu ya kazi yake ilitoka kwao. Ndivyo Zhenya alivyonipata.

Zhenya alikuwa msichana wa Kirusi aliyekimbia kwao nchi yake ilipoanza vita na jirani. Nywele kazikata mwenyewe, na vibaya. Yeye na wenzake walikuwa kikundi cha sanaa, watu wa mrengo wa kushoto, wanaosoma mashairi kwenye mageti ya viwanda kwa kipaza sauti cha mkononi na kubandika beti kwenye vituo vya basi. Wengine walikuwa nje kama yeye, wengine walibaki. Alitaka kuchapa mashairi kwenye vitambaa vya kujifunga kichwani na mabegani, mia mbili, ili maneno yatembee barabarani bila bango. Nilimwambia, "Mwanangu, sisi bibi zetu walianza hilo zamani," nikamtolea kanga yangu. Alikaa sakafuni akaishika kama saa nzima, akiuliza kila neno maana yake.

Lakini kazi yake, Mungu wangu! Alitaka rangi ivuke mstari. Alitaka herufi zikwaruzike, mstari mmoja ukatike katikati, na doa liwepo. Miaka yote hiyo nimekataa kitambaa cha namna ile, sasa ananiomba nikikague kama kimeharibika vya kutosha. Liang aliniuliza kwa upole kama mteja ni mgonjwa. Nikamjibu ni msanii. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwenye karatasi ya oda: *doa, upande wa kushoto*.

Na mashairi yenyewe! Mimi nilifundishwa Kiswahili na mwalimu aliyetuchapa kwa ajili ya mizani. Shairi lisilo na vina kwangu lilikuwa barua iliyokatwa vibaya. Nikamwambia Zhenya hivyo. Akaniambia mwandishi yuko kwao, fundi cherehani, nizungumze naye mwenyewe, maana lazima mtu anayejua lugha ahakikishe herufi kabla ya kuchapa. Ndivyo nilivyomjua Lida.

Lida alishona kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza mavazi ya hospitali, halafu vita ilipoanza wakageuzwa kushona makoti ya askari. Aliokota maneno ya washonaji wenzake, sheria zilizobandikwa ukutani, matangazo ya msimamizi, akayapanga. Tulitumiana sauti wiki tatu nzima, yeye akisoma mstari, mimi nikiufuata kwenye karatasi. Kuna mmoja ulinikaa. Kwa Kiswahili changu unakwenda hivi:

*Bosi anasema uzi ni ghali.*
*Uzi si ghali.*
*Koti hili lina mifuko kumi na miwili*
*na hakuna hata mmoja wa kuwekea kurudi.*

Nilisimamisha sauti hapo. Nilikuwa nakunja sampuli, nikaziacha. Nikajua sijui lolote kuhusu vina. Nikampigia nikamwambia, "Lida, hili shairi ni lako kweli? Hujaliiba?" Akacheka sana. Nikamwuliza jina lake kamili, kwa sababu Warusi hawaiti mtu wanayemheshimu jina tupu, wanaongeza na la baba yake. Akanitajia yote matatu, na hilo la ukoo akanitajia herufi moja moja, mimi nikiandika.

Kisha karatasi ya oda ikaja, nikaona jina la mwandishi halipo.

"Zhenya, mwandishi mmemsahau," nikasema. Tulikuwa kwa Liang, chai mezani.

"Hatukumsahau, Mama Leokadia. Haliandikwi. Shairi ni la wote."

"La wote?"

"Hatuamini umiliki. Maneno aliyatoa kwa wenzake kiwandani, yanarudi kwa wenzake."

Jamani, laiti msichana yule angesema *ni hatari*. Neno moja tu. Lakini wale watu walikwisha kuzoea kutolitaja neno hilo kwenye simu wala mbele ya watu, na badala yake walikuwa na zile hotuba zao. Mimi nikasikia *la wote* na damu ikanipanda. Nikaona masinki yakitoka getini. Nikajiambia: huyu wa nje atapita kwenye makumbusho ya Ulaya na hivi vitambaa, atapigiwa makofi, na yule anayechomwa na sindano kule hatajulikana hata kwa jina. Nikamaliza chai yangu. Mkiniona sibishi tena, mjue nimeshaamua.

Kesho yake nilirudi kwa Liang peke yangu. Nikampa kipande cha karatasi chenye maneno ya Kirusi: *Mali ya*, kisha Lida, jina la baba yake, na la ukoo.

"Pembeni, herufi ndogo," nikasema. "Kama zile kanga zangu."

Akatazama karatasi ya oda. "Dajie, hapa haipo."

"Ninajua."

"Mteja anajua?"

"Mteja hajui kazi. Mimi najua."

Hakupenda. Alizungusha kikombe chake mara kadhaa. Halafu akasema, kwa kuwa ni wewe, akachapa. Ile ndiyo mara pekee niliyomwona akichapa kitu kilicho nje ya karatasi.

Msinitetee kwamba sikujua. Niliishi nchi ile miaka mitano. Nilimwona Mama Klava, mwenye mdomo ule, akishusha sauti katikati ya sentensi mlango ukifunguliwa. Nilijua nusu, na ile nusu nikaikalia, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa na hakika. Mkaguzi mwenye hakika kupita kiasi ni mtu wa hatari. Hilo mnaweza kulibandika ukutani.

Zhenya alivipokea vitambaa akavitazama katikati, kwenye maneno na lile doa lake. Nani asiyekuwa fundi anatazama ukingo? Vingine akaenda navyo, vingine vikapenya kurudi kwao kwenye mabegi ya watu. Wanawake wakavifunga kichwani wakaenda navyo sokoni, kwenye tramu, mmoja mpaka kanisani. Lida alinitumia picha akiwa amekifunga kama kilemba cha kwetu, vile nilivyomfundisha. Bado sijaifuta. Yeye mwenyewe hakuliona jina, au aliliona akadhani ni mapambo ya kiwanda, sijui. Sikuwahi kupata nafasi ya kumwuliza.

Mtu mmoja akapiga picha kwenye tramu akaiweka mtandaoni. Mwingine akaivuta, akaivuta tena, mpaka herufi ndogo za pembeni zikasomeka. Walimchukua Lida kazini, asubuhi, mashine yake inawaka. Wenzake hawakuguswa kwa sababu majina yao hayakuwa popote. Alipewa miaka sita jela kwa kulikashifu jeshi.

Zhenya alinipigia akilia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nani aliliweka?"

Nilikuwa nimesimama sokoni Zhongda, marobota ya vitambaa yananipita huku na huku kwenye mikokoteni. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Ni huko kiwandani. Walichukua karatasi yangu ya kuhakiki herufi wakachapa kila kitu kilichokuwemo."

Hivyo tu. Sikupanga. Wanangu, nimewafundisha kusema ukweli kwa mtu aliyepakia kontena zima na anayelia, na mimi siku yangu ilipofika nilidanganya haraka kuliko muuza saa za bandia.

Habari ikazunguka kwa wanunuzi wote wa Kirusi. Msipeleke kazi kwa Liang, anachapa hata yasiyotakiwa, amemfunga mtu. Mmoja baada ya mwingine wakaacha. Liang hasomi Kirusi na hakuna aliyemwambia anashitakiwa kwa lipi. Siku moja, akinimiminia chai, aliniuliza, "Dajie, wale watu wako mbona hawaji? Kazi yangu imeharibika?"

"Sijui," nikasema, nikanywa chai yake.

Alifunga karakana mwaka uliofuata. Mashine zikaenda kwa wengine, mke wake akarudi kijijini kwao, yeye akapata meza ya kuuza vifungo na zipu, ghorofa ya chini, mahali pasipo na dirisha. Zhenya naye alipeleka kimoja cha vile vitambaa kwenye maonyesho huko Ulaya, kimetandazwa nyuma ya kioo na taa imeelekezwa ukingoni. Alinitumia picha. Watu wamejipanga kusoma jina la Lida, wengine wanapiga picha zaidi. Alisema ni ili asisahaulike. Nilitaka kumtukana, nikakumbuka ni nani aliyeliweka jina lile ukingoni.

Kwa dhamiri mbaya nikaomba anwani ya mama yake Lida. Anaitwa Galina Petrovna, mjane, mwalimu mstaafu. Nilijitambulisha kama rafiki tu. Akaniambia gereza liko mbali na reli, baridi inaingia ukutani, na wafungwa wanaruhusiwa nguo nyeusi tupu, bila mchoro, bila kofia ya koti. Huko kwao za namna ile zilizo nzuri hazipatikani, na pensheni yake haifiki. Haya, hiyo kazi naiweza! Nilizunguka Zhanxi nikakagua suruali za ndani za sufi mshono kwa mshono, nikazifua kwanza, nikavaa moja mwenyewe kwenye chumba cha baridi cha muuza samaki, watu wakinicheka, nione kama inashika joto. Kila msimu nilituma mzigo, Galina Petrovna akaupeleka gerezani. Alinirushia sauti kila mara: "Leokadia wangu, katika hawa wote waliompigia mwanangu makofi, wewe peke yako unakumbuka kwamba ana miguu." Nilikuwa nikisikiliza huku nimesimama, sijui kwa nini, siwezi kuisikiliza nimekaa.

Sasa umri umefika, kibali cha kazi hakiongezwi tena, narudi nyumbani. Mwezi uliopita nikaenda kwa Liang kwenye meza yake ya vifungo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile nililotaka kusema kwa Kichina changu kibovu, nikalisema lote, la tramu, la jina, la uongo. Alisikiliza akipanga zipu kwa rangi. Birika lilikuwa pale linachemka na hakunimiminia.

"Yule msichana bado yuko ndani?" akauliza.

"Bado."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi umekuja kwa mtu siye," akasema. "Mimi nimepoteza mashine." Akamgeukia mteja.

Nilimwandikia Galina Petrovna wiki ile ile. Sikupamba. Nilimwandikia kwamba jina niliweka mimi, kwa mkono wangu, na niliambiwa haliandikwi, na baadaye nikamsingizia mchapaji aliyesita kuliweka. Mzigo wa msimu huu ulikuwa tayari njiani: suruali tatu, soksi nzito, fulana mbili, zote nyeusi, zote nimezifua.

Alijibu baada ya siku nne. "Nimesoma. Usitume kitu tena. Sitamvalisha mwanangu nguo zako."

Mzigo umerudi jana. Haukufunguliwa, uko hapa mlangoni kwangu karibu na masanduku. Mtaniambia nimefanya vizuri kusema kweli, na kweli, nimelala usingizi siku tatu mfululizo, jambo ambalo sijalipata tangu simu ile ya Zhenya. Kule kwao baridi imeshaanza. Mimi ndiye niliyetubu, na anayetetemeka ni Lida.